Masika Nduruma: lori lililoegeshwa vibaya hupandisha bei ya nyanya

Kati ya Machi na Mei, mnunuzi wa nyanya anayekwenda Nduruma huwa na maswali mawili kabla ya kutoka mjini. Moja ni bei ya tenga shambani. Jingine, ambalo wazoefu hulitanguliza, ni kama gari linafika.

Nduruma iko uwanda wa chini, kusini-mashariki mwa jiji la Arusha. Mto wenye jina hilo hushuka kutoka Mlima Meru na kunywesha mashamba ya nyanya, vitunguu, mahindi na maharage, pamoja na mashamba makubwa ya maua, kabla maji yake hayajaingia Kikuletwa. Mvua kubwa ikinyesha mlimani usiku, asubuhi barabara za udongo huku chini huweza kuwa zimekatika hata kama huku hakujanyesha.

Lawama zote hutupiwa mvua, lakini sehemu ya hasara husababishwa na magari yenyewe. Dereva anayesubiri mzigo huegesha lori pembeni, magurudumu ya upande mmoja yakiwa juu ya mtaro. Mtaro ukibomoka, maji hukosa njia na kurudi katikati ya barabara. Greda likija, haliwezi kuchonga mahali palipo na lori lililokwama. Hulipita, na pale ndipo shimo la wiki ijayo linapoanzia.

Miji ya nchi za baridi ililiona tatizo hili zamani. Minneapolis, Marekani, ambako Waafrika Mashariki wengi wamehamia, theluji ikizidi jiji hutangaza dharura ya siku tatu: kwanza barabara kuu huachwa wazi, kisha upande mmoja wa mitaa, halafu upande wa pili. Gari lililobaki huvutwa, na mwenyewe hulipa. Huko wanajua kwamba mtambo wa kuondoa theluji hauna faida kama hauna pa kupita.

Hapa nchini, barabara za vijijini na mijini zimekuwa chini ya TARURA tangu 2017. Katika bajeti ya 2021/22, Serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara hizo. Kwa hiyo mwenye Canter huichangia barabara kila anapojaza tangi, kisha huenda kuiharibu akipakia kupita kiasi. Majaribio yaliyofanyika Ottawa, Illinois, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kuwa mzigo kwenye ekseli ukiongezeka maradufu, uharibifu huongezeka takriban mara 16. Hizo zilikuwa barabara za lami na zege, sembuse udongo uliolowa.

Hesabu ya mfanyabiashara iko wazi. Kwa mfano tu, na si bei ya soko: matenga 40 yamenunuliwa kwa shilingi 20,000 kila moja, na kukiwa kukavu usafiri hadi soko la Kilombero mjini Arusha ni shilingi 2,000 kwa tenga. Gharama ni 22,000. Masika, mzigo ukitolewa kwa pikipiki hadi penye lami na kupakiwa upya, usafiri ukafika 5,000 na matenga manne yakapondeka, yale 36 yaliyosalia hayana budi kurudisha shilingi milioni moja. Hiyo ni karibu 27,800 kwa tenga kabla ya faida, ushuru na chai ya wapagazi.

Mkulima naye hapati nafuu. Nyanya iliyoiva haimsubiri mtu, na mnunuzi aliyefika kwa taabu hushusha bei akijua kwamba mwingine hatafika siku hiyo. Kwenye siku za soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi, mzigo uliochelewa asubuhi huuzwa jioni kwa bei ya kutupa.

Wanunuzi wengine sasa huliacha Fuso kwenye lami na kuingiza gari dogo kwa safari mbili. Dizeli huongezeka kidogo, lakini tenga hufika zima, na gari huwahi kutoka kabla ya mvua ya alasiri.