Makambi ya Shaba: Baba Alipoondoka

Kazi njo baba, njo mama. Usemi huu wa wazee wa Lubumbashi, Kongo, kwa Kiswahili cha huko, yaani kazi ndiyo baba, ndiyo mama, haukutungwa kwa mzaha. Mfanyakazi wa kampuni ya migodi ya shaba ya Union Minière du Haut-Katanga alipewa na kampuni hiyo nyumba, unga, zahanati na shule ya watoto. Hata mahari kampuni iliwahi kuwakopesha vijana waliotaka kuoa. Ilichodai nayo ni utii, kiwandani na nyumbani pia.

Mambo hayakuanza hivyo. Kampuni iliundwa mwaka 1906, na tanuri la shaba la Lubumbashi lilipoanza kazi mwaka 1911, wanaume waliletwa kwa mikataba mifupi kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na baadaye Ruanda-Urundi. Walilala makambini kwa msongamano, maradhi yakawafyeka, na waliobaki wengi walitoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakubwa walipiga hesabu upya: mtu akipewa mkataba wa miaka mitatu na kuishi na mkewe, atatulia, atazaa, na wanawe watakuwa wafanyakazi wa kesho. Makambi yakageuka kuwa mitaa ya familia, nyumba za matofali zikajipanga safu kwa safu.

Mila za kambi zilianzia kwenye posho. Siku ya kugawa, wanawake walipanga foleni na mifuko na mabeseni. Unga, mafuta na samaki vikapimwa kulingana na mke na watoto walioandikishwa kwa jina la mume. Ndoa ambayo kampuni haikuitambua haikuwa na chakula, na mke wa pili hakuhesabiwa. Wazee wa ukoo waliweza kupokea mahari na kubariki, lakini sufuria ilingoja karani.

Kuna mengi, hata hivyo, ambayo karani hakuyaandika. Mluba wa Kasai, Mbemba na Msanga walijikuta wakigawana uzio. Kiswahili, kilichotumika kutolea amri, kikawa lugha ya watoto kutaniana uani. Penye kilio, viti vilitolewa nje, majirani wakakesha, kila nyumba ikaleta chochote bila kuuliza marehemu ni wa kabila gani. Siku ya mshahara watu walicheza likelemba: wanachanga, mmoja anachukua chote, mwezi ujao ni zamu ya mwingine. Na mwaka 1953, huko Kolwezi, Padri Placide Tempels na wafanyakazi wa makambi walianzisha Jamaa, kundi la Kikatoliki ambalo mume na mke huingia pamoja na kuitwa baba na mama. Vyeo vilivyokuwa vya kampuni vikarudi kwa watu.

Anayeyasifu makambi asisahau Desemba 1941. Wafanyakazi waliogoma kudai nyongeza walikusanyika katika uwanja wa michezo wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, wakapigwa risasi na askari. Baba aliyelisha ndiye aliyeua.

Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, na baadaye ikajulikana kama Gécamines. Ilirithi makambi pamoja na desturi ya kulea. Mgodi wake wa Kamoto ulipoporomoka mwaka 1990, uzalishaji nao ukaporomoka, na mishahara ikakawia miezi mingi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa malipo ya mkupuo. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa ameshawaandikia kitabu mwaka 2001, akiwaita wana wa Shaba waliotelekezwa na baba yao. Mama ndiye aliyeshika usukani: akalima mboga, akauza makaa na maandazi, akasomesha.

Ukipita leo kwenye mitaa hiyo unaiona historia hii ukutani. Nyumba ya kampuni ipo katikati, matofali yake yamenyooka. Ubavuni kimeongezwa chumba cha tofali bichi cha kupangisha, na ukuta wa mbele umetobolewa dirisha la kuuzia vocha na mkate. Mhifadhi wa majengo angesema nyumba imeharibiwa. Mimi nasema nyongeza hizo ndizo sura ya pili ya historia hiyo hiyo. Ukizibomoa ili kurudisha umbo la zamani, umehifadhi kazi ya kampuni na kufuta kazi ya mama.

Huko Kolwezi hatari ya kubomolewa ni kubwa zaidi. Katika mtaa wa Cité Gécamines mgodi wa shaba na kobalti umesogea hadi penye makazi, na mwaka 2023 Amnesty International ilieleza jinsi familia zilivyohamishwa. Fidia ya ukuta hukokotolewa. Jirani wa kukesha naye msibani hakokotolewi. Kama makambi haya ni urithi, hifadhi ianze na hati za nyumba mikononi mwa wakazi na bomba lenye maji. Kibao cha kumbukumbu kinaweza kusubiri.