Mashine Imekula Kidole Ukiwa Job Kitale? Usikimbilie Elfu Kumi ya Dosi

Mavuno yakifika Trans Nzoia, mashine za kupukuchua mahindi zinanguruma kutoka Endebess hadi Kiminini, na hapo ndipo vidole huenda. Dosi anakuja hosi na elfu kumi ya "pole", anakuwekea karatasi usaini, risto inaishia hapo. Manze, usisaini.

Kuna sheria inaitwa WIBA, ya 2007. Ukiumia kazini, mwajiri anakulipa, na huhitaji kuthibitisha ni makosa yake. Bill ya hosi pia ni yake. Hiyo story ya "ulikuwa unachezea mashine" haimwokoi hivi hivi, lazima aonyeshe ulifanya utundu wa makusudi. Na hata hapo, ukibaki na ulemavu mbaya bado unalipwa.

"Lakini mimi ni kibarua tu, sina barua." Buda, mkataba wa mdomo pia ni mkataba. Weka meseji za M-Pesa alizokulipa nazo, na majina ya wasee mlikuwa nao siku hiyo. Na kama dosi huwabeba bure na lori yake kuwapeleka shambani, mkipinduka nayo hiyo inahesabika ni ajali ya kazini.

Mwambie dosi mara moja, hata kwa mdomo. Akishajua ana siku 7 za kuripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mtu akifa, ni saa 24. Wewe una miezi 12 ya kuleta madai yako, na hapa ndipo wengi huchomeka, wakingoja dosi "ajipange". Ukiona amenyamaza, ingia ofisi ya leba mwenyewe.

Sasa doo. Daktari anakupima na kukuandikia asilimia ya ulemavu. Unachukua mshahara wa miezi 96, unazidisha na hiyo asilimia. Ukiwa unalipwa 15,000 na umepewa asilimia 10, hiyo ni 144,000. Sasa cheki tena ile elfu kumi.

Wakili akikuambia mkimbie kortini direct, mwulize kuhusu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019. Ulisema madai yaanze kwa Mkurugenzi. Usiporidhika na uamuzi wake una siku 60 za kupinga, na akikataa tena ndio unakata rufaa Mahakama ya Ajira na Kazi.

Watu wa boda, yenu ni tofauti. Kama unajiendeshea mwenyewe huna dosi, kwa hivyo WIBA haikuhusu. Gari ikikugonga pale barabara ya Webuye, chukua abstract polisi, nakili namba ya gari na ile ya stika ya bima. Hiyo ndiyo ya kortini, na una miaka 3 tangu siku ya ajali.