Handeni na Korogwe: Kikoba peke yake hakiuzi mahindi

Kikoba kilichosimama vizuri, kiwe cha Chanika mjini Handeni au cha Manundu mjini Korogwe, kina sanduku lenye kufuli tatu. Funguo wanazo wanachama watatu, sanduku analaza mwingine. Siku ya kikao kila mwanachama ananunua hisa zake, kuanzia moja hadi tano, kitabu chake kinagongwa mhuri mbele ya wote, mfuko wa jamii unachangiwa pembeni na aliyechelewa anatozwa faini. Kwa mama aliyezoea kukimbilia mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, utaratibu huu ni mkombozi, na hakuna haja ya kuubeza. Ila una mpaka wake. Wanachama wa kikoba kimoja kwa kawaida ni majirani wanaofanya biashara zinazofanana. Wakikopa wote wiki moja, wataongeza nyanya zilezile, kwenye genge lilelile, kwa wateja walewale. Fedha imepatikana, soko halijapanuka. Hoja yangu ni kwamba wanawake wa wilaya hizi mbili wamekwishamudu kuweka na kukopa, na sasa wanahitaji mtandao wa kazi unaokiunganisha kikoba na kikoba.

Tazama jiografia. Handeni ni nchi ya mahindi na mifugo, na mvua zake hazitabiriki. Korogwe imekaa kwenye bonde la Mto Pangani na kwenye barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Arusha, na huko Mombo ndiko mboga za Lushoto zinakoshukia. Kati ya miji hii miwili kuna lami ya takriban kilomita 65. Hata hivyo mama wa Handeni mwenye magunia matatu ya mahindi hamjui mama lishe wa Korogwe anayehitaji unga kila siku. Anayewajua wote wawili ni mwenye fuso, na faida yake inatokana kwa sehemu kubwa na kujua bei za pande zote mbili. Tangu 2022 wameongezeka katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, wafugaji waliohamishwa kutoka Ngorongoro, ambao wanawake wao wana maziwa na kazi za shanga. Hao hawana shangazi wala somo wa kuwaingiza katika vikoba vya wenyeji.

Mfano wa njia ya kupita unatoka Gujarat, jimbo la India ambako ndiko asili ya familia nyingi za Kihindi zilizofungua maduka Afrika Mashariki. Mwaka 1972, mjini Ahmedabad, mwanasheria Ela Bhatt aliwakusanya wapagazi, wauza mboga na washonaji wakaunda chama cha SEWA. Wakuu wa idara ya kazi walisita kukisajili, wakiuliza wanawake wasio na mwajiri watadai haki kwa nani. Jibu lilikuwa kwamba chama cha wafanyakazi kinaweza kuundwa ili kuwaunganisha wanachama wenyewe, hata kama hakuna bosi wa kupambana naye. Mwaka 1974 wanawake 4,000 walichanga rupia 10 kila mmoja wakafungua benki yao. Kisha hawakuishia benki: kupitia mpango wao wa RUDI, nafaka na viungo vya wakulima wanawake hununuliwa, husafishwa, hufungwa na kuuzwa na wanawake wenzao kijiji hadi kijiji.

Atatokea wa kusema kwamba mitandao ya Wahindi tunaijua, na ilikuwa ya kujifungia. Ni kweli. Mwenye duka wa bara alipewa mali kauli, yaani bidhaa za kulipia baadaye kwa kuaminiana, na tajiri wa jumla wa mjini kwa sababu ya undugu na dhehebu, na asiye wa jamaa alibaki nje. Manung'uniko yaliyotokana na hali hiyo yalisikika hata majengo yalipotaifishwa mwaka 1971. Wanawake wenyewe walisimama kaunta kutwa huku kibao cha duka kikibeba jina la mume. Lakini ukuta huo haukuwa lazima. Sophia Mustafa, aliyezaliwa India, aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1958 kwa kuungwa mkono na TANU, chama cha kupigania uhuru. Naye Bibi Titi Mohamed alivipitia vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, akavifanya nguzo ya chama bila kuvivunja. Tuchukue mali kauli na kupashana bei, ukuta tuuache.

Pingamizi zito zaidi ni la uaminifu: kikoba huishi kwa kujuana, kikipanuka huibiwa. Ndiyo maana sipendekezi masanduku yaunganishwe. Kila kikoba kibaki na funguo zake. Kinachounganishwa ni oda, bei na usafiri. Wengine watasema mikopo ya halmashauri inatosha. Sheria ya mwaka 2018 inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kati yake zikiwa za wanawake, bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kasoro nyingi, vikundi hewa vikiwemo, ikarejeshwa 2024. Ni msaada mkubwa, lakini mkopo usio na mnunuzi hugeuka deni, hata usipokuwa na riba.

Kazi ya kuanzia ni ndogo. Maafisa maendeleo ya jamii wa Handeni na Korogwe wana orodha za vikundi. Wazipange kwa bidhaa na kuzibadilishana. Kila kikoba kichague mjumbe mmoja wa soko, mwenye simu na daftari, maana mali bila daftari huisha bila habari. Waanze na mahindi, msimu mmoja, fuso moja la kukodi kwa pamoja. Na wajumbe hao wasichaguane kwa kabila wala kwa msikiti au kanisa. Mtandao ukianza kwa kubagua, utaishia pale pale yalipoishia maduka ya zamani.