Madoa Sugu kwenye Viti vya Boti: Dawa Kali Huharibu Kuliko Doa

Boti inayovusha abiria kati ya Mokowe na kisiwa cha Lamu hubeba watu wa kila namna kwa siku moja. Mchuuzi hupanda na kapu la samaki, bibi harusi na hina ambayo haijakauka vizuri, mtoto na pakiti ya mabuyu, na mgeni kutoka uwanja wa ndege wa Manda akiwa amejipaka mafuta ya kujikinga na jua. Wote hukaa kwenye kiti kilekile cheupe. Jioni nahodha huangalia viti vyake na kutafuta kitu chenye nguvu cha kusugulia, na hapo ndipo hasara huanza.

Viti vingi vya boti za faiba huvalishwa vinili, plastiki laini inayofanana na ngozi ambayo wengi huiita leza. Kwa asili yake plastiki hiyo ni ngumu. Kiwandani hulainishwa kwa vilainishi maalumu, kisha juu hupakwa tabaka jembamba la kinga. Thina, petroli na asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, hulila tabaka hilo na kuvinyonya vilainishi hivyo. Doa hutoka, kiti hung'aa, na mwenye boti huona amepata dawa. Lakini baada ya kupigwa na jua kwa muda, leza hukakamaa na kupasuka kwenye mishono, na maji huingia kwenye sponji. Bei ya kuvalisha viti upya hailingani hata kidogo na bei ya kipande cha sabuni.

Kwa sababu hiyo usafi wa viti huanza na kilicho dhaifu, na kilicho kikali hujaribiwa baadaye, tena pale tu panapolazimu. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita moja ya maji vuguvugu, brashi laini na kitambaa cha pamba hutosha kwa sehemu kubwa ya uchafu wa kila siku. Mwisho kiti hupanguswa kwa maji baridi na kukaushwa. Maji ya bahari hayafai kwa suuza ya mwisho, kwani chumvi ikikauka hubaki kama chenga ndogo na kukwaruza leza kila abiria anapokaa. Hata hivyo si lazima kumwaga maji ovyo. Mji wa Lamu hutegemea visima vya kwenye machuguu ya mchanga ya Shela, na ndoo moja pamoja na kitambaa kinachokamuliwa mara kwa mara hufanya kazi nzuri kuliko mpira unaoachwa ukitiririka.

Kila doa na dawa yake

Damu ya samaki huoshwa kwa maji baridi kwanza. Maji ya moto huigandisha, na ikishaganda huwa kazi mara mbili. Mafuta ya injini na grisi hupanguswa makavu kabla ya kuguswa na maji, kisha sabuni ya vyombo huwekwa bila kuzimuliwa na kuachwa dakika chache. Doa la kutu, ambalo kwa kawaida hutoka kwenye misumari au pini za stepla zilizoshikilia leza, hulegea kwa maji ya ndimu au siki iliyochanganywa na maji kwa kipimo sawa. Likirudi mahali palepale, pini ndiyo yenye kosa. Fundi aibadilishe kwa ya chuma kisichoshika kutu.

Rangi ndiyo yenye ukaidi. Mabuyu mekundu, hina, piko na leso mpya inayochuja haviachi uchafu juu ya leza tu, bali rangi yake huzama ndani. Saa ya kwanza ina thamani kuliko dawa yoyote: rangi ikipanguswa mara moja kwa maji ya sabuni, nyingi hutoka. Ikishakaa, kinachoweza kujaribiwa ni spiriti ya dukani kwenye kitambaa, kwa kugusagusa bila kusugua, au haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Vyote viwili hujaribiwa kwanza upande wa chini wa kiti, mahali pasipoonekana, na kuoshwa mara tu kazi ikiisha. Doa la hina lililolala siku kadhaa huenda lisitoke kabisa. Mwenye boti aliyezoea kubeba maharusi hutandika taulo au foronya nzito kabla hawajapanda, na hakuna dawa inayoshinda hilo.

Madoa ya njano yanayoachwa na mafuta ya kujikinga na jua hutibiwa kama mafuta mengine, yaani kwa sabuni ya vyombo, mapema, tena kwa kurudia.

Ukungu na doa la waridi

Masika yakifika, boti nyingi hufunikwa kwa turubai na kuachwa. Likifunuliwa, viti vina madoadoa meusi na harufu ya uvundo. Ukungu hauli leza yenyewe. Huishi kwa jasho, mafuta ya ngozi, vyakula vilivyodondoka na unyevu uliofungiwa. Madoa machanga hutoka kwa siki na maji kwa kipimo sawa, yakiachwa dakika kumi na tano hivi kabla ya kusuguliwa kwa brashi laini. Yakirejea baada ya wiki moja, ukungu uko ndani ya sponji. Hapo kiti hugeuzwa, leza hufunguliwa kwenye ubao wa chini, na sponji huanikwa juani hadi ikauke kabisa au hutupwa. Kusugua juu kwa juu ni kupoteza sabuni.

Liko pia doa la rangi ya waridi ambalo huwasumbua wengi kwa sababu halisikii kitu. Mara nyingi hilo halikumwagikwa na mtu. Hutokana na vijidudu vinavyoishi kwenye unyevu nyuma ya leza na kutoa rangi inayopenya kutoka ndani kwenda nje. Hakuna usuguaji wa juu utakaolimaliza. Dawa yake ni kukausha ndani, kubadilisha sponji na leza iliyoathirika, na kutoboa tundu dogo kwenye ubao wa kiti ili maji yapate pa kutokea. Turubai nalo liachiwe nafasi ya kupitisha hewa.

Michanganyiko ya hatari

Dawa ya klorini, ambayo wengi huiita Jik hata ikiwa ya kampuni nyingine, ndiyo kimbilio la kwanza la watu. Huondoa weusi wa ukungu haraka, lakini hudhoofisha nyuzi za mshono na kufifisha leza. Ubaya mkubwa zaidi ni pale inapokutana na siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na dawa yenye amonia, hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Katika chumba kidogo cha boti gesi hizo hazina pa kwenda. Anayeanza kukohoa na kutokwa na machozi atoke nje kwenye hewa safi mara moja, na kifua kikiendelea kubana apelekwe hospitali.

Petroli ina hatari yake. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutelemka na kutuama kwenye ngama, chini kabisa ya chombo, ambako haunusiki kwa urahisi. Cheche moja ya betri wakati wa kuwasha injini yatosha kulipua boti iliyosafishwa viti tu.

Chini ya viti hivyo ndiko jaketi za kuokolea maisha huhifadhiwa katika boti nyingi, na ukungu wa kiti huwa wake pia. Abiria hukataa kuvaa jaketi linalonuka, na jaketi lisilovaliwa halimwokoi mtu. Huoshwa kwa sabuni laini na maji baridi na kuanikwa kivulini hadi mikanda ikauke ndani na nje. Klorini na petroli zisiliguse, maana hudhoofisha mikanda na sponji bila dalili ya haraka. Jaketi ambalo mishono yake imeachia, mikanda imepauka na kuanza kuchanika, au sponji yake ikibonyezwa hairudi, halihitaji kuoshwa tena. Litolewe kwenye boti na jingine liwekwe mahali pake kabla ya safari inayofuata.