Gari Linapomisi: Baraza la Wapenzi wa Magari ya Kale

Mwenye gari la zamani anayeondoka Posta, Dar es Salaam, jioni, saa ambayo ofisi za Mtaa wa Samora na Barabara ya Sokoine zimekwisha kufungwa na watu wote wamekusudia njia moja, huutambua ugonjwa wa gari lake kwa sikio kabla hajauona kwa jicho. Afikapo Mnazi Mmoja foleni imesimama, injini inanguruma polepole, mara katika ule mfululizo wa sauti anasikia pengo, kisha pengo jingine. Usukani unatetemeka mkononi, bomba la moshi linatoa mlio mkavu, na akikanyaga mafuta ili ashike Barabara ya Uhuru kuelekea Kariakoo gari linasitasita kana kwamba limeshikwa kwa nyuma. Gari linamisi, kama wasemavyo mafundi: silinda moja au zaidi imeshindwa kuwasha mafuta yake kwa wakati wake, na zilizobaki zinabeba mzigo usio wao.

Kwa gari la leo shida hii haina maneno mengi, kwa kuwa fundi huchomeka mashine ya kupimia chini ya usukani, nayo ikamtajia silinda yenye kasoro. Lakini Land Rover ya miaka ya sitini, Peugeot 404, au ile Volkswagen ya mgongo wa kobe haina pa kuchomekea chochote. Habari zake zimo katika harufu ya moshi wake, rangi ya plagi zake na kumbukumbu za watu waliopata kuzifungua injini za namna yake, na watu hao kila mwaka wanapungua. Kwa sababu hiyo mapenzi ya magari ya kale hayakuwa kamwe mapenzi ya mtu mmoja aliyejifungia na gari lake. Yalikuwa tangu hapo jambo la baraza.

Na magari yenyewe yana nasaba katika nchi hizi. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na haikuchukua muda ikawa gari la mabwana shamba, la polisi, la wamisionari na la mabwana nyama. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalipoanza 1953 yaligeuka kuwa mizani ya kupimia magari mbele ya macho ya watu: Volkswagen ilishinda 1954, na mwaka wa 1966 na tena 1967 taji lilichukuliwa na Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, pamoja na mwenzake Chris Rothwell, wakiwa katika Peugeot 404. Mzee aliyekuwa kijana wakati huo hahitaji hoja nyingine ya kumfanya aihifadhi 404 yake chini ya turubai. Wala mapenzi hayo hayajazimika, maana Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha, mengine yakiwa na umri mkubwa kuliko madereva wake.

Ili tufahamu kwa nini gari humisi, yatosha kujua kwamba injini ya petroli ya namna hii huenda kwa mapigo manne, ambayo Mjerumani Nikolaus Otto aliyatia katika injini yake ya 1876: pistoni hushuka ikivuta hewa na mafuta, hupanda ikivibana, cheche ya plagi huvilipua na kuisukuma pistoni chini, kisha ikipanda tena hutoa moshi. Mambo matatu basi hayana budi kukutana, nayo ni cheche, mafuta na mbano, na kila moja kwa kiasi chake na kwa wakati wake. La cheche ndilo gumu kuliko yote. Betri kwa kawaida hutoa volti 12 tu, nguvu isiyoweza kuruka hata upenyo mdogo wa plagi. Koili huipandisha ikapita volti 10,000, na distributa huigawa kwa kila silinda kwa zamu. Ndani ya distributa mna vile vinundu viwili vya chuma viitwavyo pointi, ambavyo kila vinapoachana cheche moja huzaliwa. Injini ya silinda nne inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hizo huachana mara 100 katika kila sekunde moja, na upana wa kuachana kwake katika Volkswagen ni milimita 0.4 peke yake. Mtu akilitafakari hilo, atastaajabu si kwa nini gari lake limemisi leo, bali kwa nini halikumisi jana.

Sasa tuchukue mfano wa mwenye 404 aliyefika Gerezani, upande ule wa Kariakoo ambako mafundi wa vyuma na wa magari wamekaa kwa miaka mingi, akaliegesha gari lake mbele ya gereji bubu chini ya mti. Kabla boneti haijafunguliwa watu wamekwisha kukusanyika. Kuna fundi mwenyewe, kijana aliyejifunza kwa Toyota. Kuna mstaafu mwenye Land Rover yake nyumbani. Kuna mwenye duka la spea aliyevuka barabara na kikombe chake cha kahawa. Na kuna wapita njia wawili watatu wasio na gari lolote ila wana rai. Dakika chache zikipita, rai zimekuwa nyingi kuliko silinda. Huyu anasema ni kabureta, yule anaapa ni koili, wa tatu anataka hedi ifunguliwe papo hapo.

Katika hali hiyo ndipo utakapomtambua mjuzi, na dalili yake ni kwamba yeye huuliza. Kijana humwamkia, "Shikamoo mzee," naye huitikia marahaba, kisha badala ya kuchukua bisibisi humgeukia mwenye gari: "Linamisi likiwa baridi, au likishapata moto? Likiwa limesimama, au likiwa na mzigo? Na kabla halijaanza, nani aliligusa mwisho?" Maswali haya yana thamani kuliko sanduku zima la spana. Gari linalomisi likiwa baridi tu, aghalabu hutaabishwa na kiasi cha mafuta na hewa. Linalomisi likishapata moto tu hutia shaka juu ya koili au kondensa, ambazo zikipoa hurudi kuwa nzima na kumfedhehesha mwenyewe mbele ya fundi. Linalomisi likiwa limesimama lakini likatulia barabarani huenda linavuta hewa mahali isipostahili, au tapeti zake zimekazwa kupita kiasi. Na linalomisi penye mzigo husingiziwa plagi na waya zake, na mara nyingi husingiziwa kwa haki. Ama swali la nani aliligusa mwisho, nalo halina adabu hata kidogo, lakini linafichua mengi, kwa kuwa waya mbili za plagi zikibadilishana nafasi baada ya kusafishwa, injini itakohoa na kupiga mizinga mpaka mtu akumbuke kwamba Peugeot na Land Rover huwaka kwa mfuatano wa 1-3-4-2 ilhali Volkswagen huwaka kwa 1-4-3-2.

Na hapo pana mtego ambao mgeni wa magari haya hawezi kuujua asipoambiwa. Land Rover, kama magari mengi, huhesabiwa silinda zake kuanzia mbele, penye feni. Peugeot huhesabiwa kuanzia nyuma, upande wa gia. Rafiki aliyeko Tanga akipigiwa simu na kuambiwa kwamba silinda ya pili ya 404 imekufa, yeye ataifikiria moja na wewe utakuwa umeshika nyingine, na mazungumzo ya nusu saa yatakwenda na maji. Kwa hiyo, kabla ya kuomba msaada wa mbali, patana kwanza na mwenzako mnahesabu kutoka wapi.

Maswali yakiisha huja majaribio, nayo yana taratibu yake. Injini ikiwa inanguruma, waya za plagi huchomolewa moja baada ya moja kwa koleo lenye mpini wa mpira, wala si kwa mkono mtupu, kwa kuwa umeme wa koili ni mkali. Waya ikichomolewa na mngurumo ukabadilika, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Usipobadilika, mgonjwa amepatikana. Hapo plagi yake huhamishiwa kwa jirani: ugonjwa ukihama nayo, plagi ndiyo mkosa; ukibaki palepale, waya huhamishwa vivyo hivyo, kisha hutazamwa kofia ya distributa, isije ikawa na ufa mwembamba kama unywele ambao umeme unaupitia. Rangi ya plagi nayo ni ushahidi: ya kahawia iliyopauka ni ya afya, nyeusi ya masizi yasema mafuta yamezidi, nyeupe yasema hewa imezidi, na iliyolowa petroli yasema cheche haikufika. Ukidhani injini inavuta hewa ya haramu, vuta choki kidogo. Ikitengemaa, umekaribia ukweli. Na kama hayo yote ni mazima, haibaki ila kupima mbano, na silinda mbili zilizo jirani zikikutwa zimelegea pamoja, tafuta gasketi ya hedi iliyoungua katikati yake.

Kuna jaribio jingine ambalo wazee hulipenda kupita yote, nalo ni la usiku. Gari huwekwa gizani, boneti wazi, injini inawaka, watu wakatazama tu. Waya iliyochoka huonyesha cheche za samawati zikitambaa juu yake na kurukia chuma. Katika mji huu ambao hewa yake ni ya chumvi na unyevu, jambo hilo huonekana mara nyingi kuliko wanavyodhani watu wa bara, na kwa rai yangu mwenye gari la kale hapa Dar es Salaam ambaye hajapata kulitazama gari lake gizani bado hajalijua.

Neno moja lisemwe mintarafu ya spea. Mwendo mfupi tu kutoka Gerezani, katika maduka ya Mtaa wa Shaurimoyo, utapata karibu kila kitu cha gari la Kijapani, kipya na kilichotumika. Cha Peugeot ya 1966 utakitafuta kwa tochi. Hamaki ya kununua ndiyo adui mkubwa wa mwenye gari linalomisi. Huanza kwa plagi, akaongeza koili, akaagiza kabureta kwa jamaa yake aliyeko Uingereza, na mwisho wa yote hana pesa na gari lingali linamisi, tena sasa hajui ni kipi katika vile vipya kilichokuja na ubovu wake. Kwani kondensa na pointi zinazouzwa siku hizi nyingine hazidumu hata safari ya Bagamoyo. Hapa ndipo ihsani ya wenzio inapozidi fedha: mwenye gari la jinsi moja na lako akikuazima kondensa yake nzima kwa robo saa, amekupa ithibati ambayo hakuna duka linaloiuza. Kitu kibadilishwe kimoja, gari lijaribiwe, kisha ndipo cha pili.

Tena liko jambo la mafuta yenyewe. Injini nyingi za zama hizo zilizoea petroli yenye risasi, ambayo iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006. Risasi hiyo, pamoja na sumu yake, ilikuwa ikivilinda viti vya valvu za kutolea moshi. Pasipo hiyo, viti vilaini huliwa, nafasi ya tapeti hupungua, valvu haifungi sawasawa, ikaungua. Kijana atasafisha kabureta mara kumi asiione sababu hii. Mzee aliyeshika geji ya kupimia tapeti ataiona asubuhi moja, na dawa yake ni kutia viti vigumu hedi itakapofunguliwa.

Sitaki kuwasifu wapenzi wa magari kupita kiasi. Wako miongoni mwao wanaoshauri kwa kujionyesha, na wako wanaomfundisha fundi kazi yake mbele ya mteja wake kisha wakaondoka bila kujali kwamba fundi yule anakula kwa kazi hiyo. Ushauri wa sahibu ni bure, lakini mikono ya fundi ina ujira, na ujira huo ulipwe hata kama kasoro iliyoonekana ilikuwa waya ya shilingi chache. Fundi aliyedharauliwa leo hatalitazama gari lako kesho, naye ndiye atakayekuwa barabarani utakapokwama penye mataa.

Kubwa zaidi ni kwamba elimu hii imo vichwani, na vichwa hivyo vinazeeka. Vitabu vya matengenezo vilivyokuja na magari hayo vimo katika makabati ya nyumba za Upanga na Ilala, vingine vimeliwa na mchwa, vingine vimeuzwa kwa wauza vitabu chakavu wa Posta pamoja na magazeti. Msomaji mwenye kitabu cha namna hiyo, au mwenye baba aliyeandika vipimo vya tapeti na pointi pembeni mwa daftari, nakuomba usikiuze kabla hujakitolea nakala; na nakala moja, tafadhali, mpelekee fundi wako Gerezani.