Siku Sita kwa Miguu, Magharibi mwa Ayalandi

Mke wangu alinipokea Galway mwezi wa Juni akiwa ameshika jozi mpya ya viatu vya kupandia milima, saizi yangu. "Hivyo ulivyovaa ni vya kwendea kamatini," akasema. "Havitatufikisha popote."

Alikuwa amekwisha kaa huko miezi kumi akisomea mwani, zao ambalo wanawake wengi wa pwani yetu hulilima kwa tabu na kuliuza kwa bei ndogo. Sasa chuo kilikuwa kimemwandikia barua ya kumwita aendelee na shahada ya uzamivu, miaka mitatu mingine, na jibu lilitakiwa Ijumaa ya juma lile. Binti yetu wa miaka sita tulikuwa tumemwacha Tanga kwa bibi yake. Nikiri mapema, ndugu msomaji, kwamba mimi niliondoka nyumbani na jibu langu tayari mfukoni, nalo lilikuwa hapana.

Tulipanda basi hadi Westport, mji mdogo wa jimbo la Mayo, na kutoka hapo tukaanza kutembea. Njia yenyewe huitwa Great Western Greenway, nayo hufuata mkondo wa reli ya kale kwa kilomita zipatazo 42 hadi lango la kisiwa cha Achill. Reli ilifungwa mwaka 1937, nyasi zikaimeza, na kwa miaka mingi mashamba ya watu yakaikalia. Njia ya miguu ilipofunguliwa wenye mashamba hawakunyang'anywa wala hawakununuliwa ardhi. Waliridhia tu wapita njia wapite. Ndiyo maana kila baada ya mwendo mfupi utakuta lango, ulifungue na kulifunga nyuma yako, na kondoo waliopakwa rangi nyekundu au buluu mgongoni wakikutazama kama waliokwisha ona wageni wa kutosha. Kuta za mashamba ni mawe matupu yaliyopangwa bila saruji. Mvua huja, huondoka, kisha hurudi kabla hujalikunja koti.

Katika mwezi huo jua huchwa kwenye saa 4 usiku na kuchomoza saa 11 alfajiri, hata usiku wenyewe unakuwa kama mgeni asiyekaa. Tukiwa wasafiri tulipunguza Swala na kuzikusanya. Adhuhuri moja tuliswali kando ya ukuta wa shamba; tulipotoa salamu tulimkuta mzee mmoja na mbwa wake wamesimama mbali kidogo, wakingoja kwa adabu. Akauliza kama kuna kitu tumekipoteza, akasaidie kukitafuta.

Chakula kilinitia wasiwasi zaidi. Kifungua kinywa cha nyumba za wageni za huko ni soseji na nyama ya nguruwe, pamoja na aina ya soseji itengenezwayo kwa damu. Mjini Newport mke wangu alimweleza mama mwenye nyumba kwamba mayai, uyoga na mkate vingetutosha. Mama yule hakusema neno. Asubuhi alituita jikoni atuone akifungua karatasi ya kikaango kipya, akatukaangia mayai kwa siagi mbele ya macho yetu.

Tulipokaribia Mulranny, bahari ikiwa imekupwa na mwani wa kahawia umelala juu ya miamba, mke wangu alinieleza kuwa watu wa huko waliubeba kwa vikapu kurutubisha mashamba ya viazi. Kisha akanipa habari ya reli ile. Mwaka 1894, kabla haijafunguliwa rasmi, treni ya mwanzo ilibeba maiti za vijana wa Achill waliozama katika ghuba ya Clew wakienda kupanda meli ya Uskochi kuvuna viazi. Walikufa watu 32. Mwaka 1937, reli ikiwa katika siku zake za mwisho, treni ilirudisha miili ya wavulana 10 wa kisiwa hichohicho, walioungua katika kibanda walimolazwa huko Kirkintilloch. Nao walikuwa wamekwenda kuvuna viazi.

"Hawa walitolewa kwao na njaa," akasema. "Mimi hakuna njaa iliyonitoa. Basi niambie unavyoona, na usinionee huruma."

Nikazitoa sababu zangu: mtoto anayeuliza kila jioni, mama yangu aliyezeeka, na maneno ya watu kwamba katibu wa msikiti amemwacha mkewe peke yake ughaibuni. Alisikiliza hadi mwisho. "Katika hizo," akauliza, "ipi ni yako, na zipi ni za barazani?"

Tulitembea kama kilomita mbili sijamjibu.

Siku ya nne tulikuwa Achill, chini ya mlima wa Slievemore, kwenye kijiji kilichohamwa. Nyumba za mawe zimepangana kwa makumi, hazina paa, na kondoo huingia kwa mlango na kutokea dirishani. Siku ya tano tulichukua teksi hadi bonde la Doolough, tukatembea kando ya ziwa lake jeusi. Ndipo ilipopita njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 kwa ugonjwa wa viazi na kuua watu wapatao milioni moja. Machi 1849 mamia ya wenye njaa wa Louisburgh waliamriwa kwenda kukaguliwa Delphi, ndipo wapewe posho. Walikwenda kwa miguu, takribani kilomita 19, katika baridi kali, na miili ikaokotwa kando ya njia. Pana msalaba wa jiwe wa kuwakumbuka. Miaka miwili kabla ya hapo, Sultani Abdulmecid wa Istanbul alikuwa amewapelekea Waayalandi msaada wa pauni 1,000, na habari hiyo huko wanaijua hadi leo.

Pale ziwani nilimwambia mke wangu kwamba iliyo yangu ni moja tu, ya mtoto. Mengine niliyabeba kwa niaba ya watu.

Ijumaa tulipanda treni ya Dublin, tukashuka Ballyhaunis, mji mdogo ambao tangu mwaka 1987 una msikiti, uliojengwa karibu na kiwanda cha nyama ya halali. Baada ya Swala tulirudi stesheni kungoja treni ya jioni. Aliandika barua yake kwa simu: anakubali, kwa sharti kwamba utafiti wake aufanyie kwa wakulima wa mwani wa Tanga, nusu ya kila mwaka awe nyumbani. Akanipa niisome, kwa kuwa ukatibu ndio kazi yangu. Nikaongeza sentensi moja, ya kuuliza kama mwanafunzi huruhusiwa kuja na mtoto. Treni ikaingia.