Wadada wa sheria: shida si kuingia, shida ni jalada utakalopewa

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka huwa nakutana na swali lile lile kutoka kwa wadada wenye HGL na HKL zao: "Nikisoma sheria nitaishia wapi?" Na kabla sijafungua mdomo, pembeni hakosekani jamaa wa kujibu: "Utaishia kugonga mihuri ya viapo." Watu wanacheka, mada inakufa hapo hapo. Mimi sheria sikusoma, nilikomea sekondari, lakini swali hili nimelichimba kwa muda sasa na leo naliweka hapa lote. Jibu lake ni refu kuliko muhuri.

Tuanze na njia yenyewe. Shahada ya kwanza ya sheria ni miaka mitatu au minne, inategemea chuo. Ukimaliza unaitwa mwanasheria, lakini wakili bado hujawa. Anayetaka uwakili anaenda Shule ya Sheria kwa Vitendo, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na ipo Dar es Salaam, kandokando ya barabara ya Sam Nujoma. Hapo ndipo watu wanapolia. Oktoba 2022 nchi nzima ilipigwa na butwaa: kati ya watahiniwa 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Wengine 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya mitihani, na 265 wakaondolewa kabisa. Kelele zikawa nyingi mpaka serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ichunguze kulikoni. Ukivuka hapo unakubaliwa na kuandikishwa kuwa wakili mbele ya Jaji Mkuu, joho jeusi na picha na wazazi. Picha hizo mnaziona sana mitandaoni.

Sasa wengi wanadhani kuanzia hapo njia ni moja: kuvaa joho na kubishana mahakamani. Kumbe wanasheria wamesambaa kama utitiri. Yupo wakili wa kujitegemea mwenye ofisi yake au ya wenzake. Yupo wakili wa serikali, na tangu mageuzi ya 2018 nao wamegawanyika: Ofisi ya Mwanasheria Mkuu inashauri na kuandaa miswada, Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali inasimamia kesi za madai, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka inashika jinai. Yupo hakimu. Yupo mwanasheria wa benki au kampuni ya simu ambaye anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuikanyaga mahakama, kazi yake mikataba na vikao vya bodi. Yupo mhadhiri. Yupo msuluhishi wa CMA anayepatanisha waajiri na wafanyakazi. Yupo wa mashirika ya msaada wa kisheria. Mshahara tofauti, presha tofauti, na uongozi wake unapatikana kwa namna tofauti kabisa.

Je, wanawake wanaingia? Wameingia zamani sana. Kitivo cha sheria ndicho kilichofungua Chuo Kikuu chetu Oktoba 1961, wanafunzi 14 tu, wakisomea kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Haikupita miaka mingi akaingia Julie Manning, mwanamke wa kwanza wa Tanganyika kusoma sheria pale. Mapema miaka ya 1970 akawa jaji wa kwanza mwanamke wa Mahakama Kuu. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere akamfanya Waziri wa Sheria. Yeye na Tabitha Siwale ndio wanawake wa kwanza kuwa mawaziri kamili. Huyo ni mama mmoja, na yote hayo yalitokea kabla wengi wetu tunaosoma hapa hatujazaliwa. Kwa hiyo anayekwambia sheria ni fani ya wanaume amechelewa miaka hamsini.

Sasa niseme ninachokiamini mimi: mlango uko wazi. Pagumu ni ndani, pale majalada yanapogawiwa.

Kuna wakili mmoja, mdada, anakuja kafe kuchapisha hati zake za madai umeme wa ofisini kwao ukikatika. Siku moja nikamtania: mbona kila nikichapa ni talaka, matunzo ya mtoto, mirathi, talaka tena? Akacheka, halafu akawa siriazi. Akasema alipoanza kazi kwenye ofisi moja ya mawakili (hakuitaja, na mimi siitaji), kesi za mabenki, bandari na ujenzi zilikuwa zinakwenda kwa vijana wa kiume moja kwa moja. Zikija za familia, bosi anasema, "Mpeni dada, atamwelewa huyu mama." Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfukuza, na bosi huenda aliona anamsaidia. Lakini wewe piga hesabu. Mama anayedai matunzo atalipa nini? Benki inayodai mkopo wa mabilioni italipa nini? Baada ya miaka mitano, mwenzako ana wateja wakubwa wanaomfuata popote aendapo, wewe una shukrani nyingi na simu za usiku. Ofisi ikitafuta wa kumpa ubia, inamtazama anayeleta wateja. Hapo ndipo uongozi unapoamuliwa, hata kama karatasi zinasainiwa baadaye.

Tena kuna la uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Mwajiriwa, nasisitiza. Wakili aliyejiajiri, mwenye jina lake kwenye kibao cha mlangoni, likizo yake nani anailipa? Hakuna. Na kesi zina tarehe. Asipotokea yeye wala mtu wa kumshikia, mteja anatafuta mwingine. Mimi naona hii ni sababu mojawapo ya wadada wengi kukimbilia serikalini na mahakamani. Watu wanasema wanaogopa ushindani. Sikubaliani nao, wanajua kupiga hesabu tu.

Basi angalia waliofika juu kabisa walipita wapi. Asha-Rose Migiro alikuwa mwalimu wa sheria Mlimani, akachukua udaktari wake Konstanz, Ujerumani, mwaka 1992, akarudi kuongoza idara. Siasa ilikuja baadaye: uwaziri mwaka 2000, mambo ya nje mwaka 2006, na 2007 akawa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mpaka 2012. Tulia Ackson naye mhadhiri wa sheria Mlimani, mwaka 2015 Naibu Mwanasheria Mkuu, mwaka huo huo Naibu Spika, na kuanzia 2022 mpaka 2025 alikuwa Spika. Jaji Imani Aboud aliongoza Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha kuanzia 2021 hadi 2025. Chaki, serikali, mahakama. Wa ofisi binafsi hawajakosekana: Fatma Karume alichaguliwa rais wa chama cha mawakili, TLS, mwaka 2018, akimpokea Tundu Lissu. Lakini kumbuka na bei yake. Agosti 2017 ofisi ya IMMMA ya Upanga, alikokuwa mbia, ililipuliwa kwa bomu. Uwakili wa kujitegemea si lelemama.

Halafu kuna kitu kinachonifurahisha sana, maana kinawarudi wale wanaozibeza "kesi za akina mama". Chukua Rebeca Gyumi. Wale wa zamani mtamkumbuka kwenye kipindi cha Fema. Ana shahada ya sheria ya Mlimani. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na hata 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana ni 18. Gyumi hakwenda kama wakili, alikwenda kama mlalamikaji mwenyewe, wakili wake akiwa Jebra Kambole. Julai 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Kesi ya ndoa ya mabinti, ile ambayo bosi angesema "mpeni dada", ikawa kesi ya katiba inayosomwa nchi nyingi. Mwaka 2018 akapewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Na hili la pili lilitokea Arusha, nyumbani kabisa, ingawa kesi ilihusu Rwanda. Navi Pillay ni binti wa dereva wa basi wa Durban. Mwaka 1967, enzi za ubaguzi, hakuna ofisi ya mawakili iliyotaka kumwajiri, basi akafungua yake, mwanamke wa kwanza asiye mzungu kufanya hivyo jimbo la Natal. Baadaye akaletwa Arusha kuwa jaji wa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ilianza 1997 bila shtaka la ubakaji hata moja. Shahidi mmoja mwanamke, akieleza mengine, akagusia alichofanyiwa binti yake. Pillay, mwanamke pekee kati ya majaji watatu, hakuliacha lipite, akauliza maswali. Mashahidi wengine wakasema. Juni 1997 hati ya mashtaka ikabadilishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 ikatoka hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kusema ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Swali kutoka kwenye kiti, basi! Mahakama hiyo hiyo alifanya kazi Fatou Bensouda wa Gambia kabla hajawa mwendesha mashtaka mkuu wa ICC kule The Hague, 2012 hadi 2021.

Kwa hiyo nikisema ugawaji wa majalada una shida, simaanishi kesi za familia ni takataka. Shida ni kulazimishwa huko na kulipwa kidogo huko, halafu siku ya vyeo unaambiwa "huna uzoefu mpana".

Na tukifika kwenye vyeo, tuangalie jirani. Kenya wana Jaji Mkuu mwanamke tangu Mei 2021, Martha Koome. Huyu alikuwa wakili wa kujitegemea, akatetea watu wa siasa enzi za Moi, akawa kwenye chama cha wanasheria wanawake FIDA, na alijulikana kwa kesi za familia na haki za watoto. Naam, familia! Akawa jaji 2003. Nafasi ya Jaji Mkuu ilitangazwa, waombaji wakahojiwa hadharani, Wakenya wakitazama kwenye runinga maswali na kigugumizi. Kwetu Jaji Mkuu anateuliwa na Rais kwa mujibu wa Katiba, hakuna tangazo wala usaili wa kutazama. Saidi, Nyalali, Samatta, Ramadhani, Chande, Juma, na tangu 2025 Masaju: wote wanaume. Sisemi hawakustahili. Nasema mdada wa kidato cha tano anayetaka kiti kile hana pa kuona mtu anakiombaje, na hilo ni tatizo hata kwa mvulana.

Kilichosaidia huku kwetu ni kushikana. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, kilianza 1989, na wanaharakati wake walikuwa mstari wa mbele kudai haki ya mwanamke kumiliki ardhi iwekwe wazi kwenye sheria za ardhi za 1999. Majaji wanawake nao wana chama chao, TAWJA, na Jaji Eusebia Munuo kutoka huko alifika kuongoza chama cha majaji wanawake cha dunia nzima. Mdada anayeanza akiwa na mtu wa kumuuliza "hili jalada nilikatae au nilichukue?" anapona makosa mengi.

Kama unafikiria fani hii, usisubiri barua ya chuo. Mahakama zetu karibu zote zinasikiliza kesi hadharani. Vaa vizuri, zima simu, ingia, kaa nyuma. Anza na mahakama ya mwanzo ya mtaani kwenu, halafu nenda ya wilaya, uone nani anasimama na jalada gani. Na kama leo umelipia saa nzima na umeshamaliza kuchati, fungua TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama zetu, haina malipo. Tafuta jina Rebeca Gyumi, soma hukumu ya 2016, kisha ile ya rufani ya 2019. Kiingereza chake kinapanda kidogo, ila hoja zinaeleweka, na utaona serikali ilivyojibu kuhusu umri wa binti kuolewa.